Hisa za Umeme: Jinsi ya Kupima Hasara Kutoka Kileleni Hadi Bondeni

Vyama vingi vya akiba vinapofikiria kununua hisa, swali la kwanza huwa ni faida. Swali la hasara huja baadaye, mara nyingi wakati karo inadaiwa. Kipo kipimo rahisi cha kulijibu mapema: chukua bei ya juu zaidi ambayo hisa imewahi kufika, tafuta bei ya chini zaidi iliyofuata, kisha uone imepungua kwa asilimia ngapi.

Mfano mzuri ni KenGen, kampuni inayozalisha umeme mwingi zaidi nchini. Mwaka 2006 Serikali iliuzia umma asilimia 30 ya hisa zake kwa shilingi 11.90 kila moja. Wakenya walijitokeza kwa wingi, na hisa zilipoanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi Mei, bei ilipanda hadi karibu shilingi 40. Kufikia mwanzoni mwa 2024 ilikuwa karibu shilingi 2.

Kutoka 40 hadi 2 ni anguko la asilimia 95. Hisa 500 zilizonunuliwa kileleni kwa shilingi 20,000 zilibaki na thamani ya shilingi 1,000. Aliyezipata kwa bei ya kwanza alilipa shilingi 5,950, na kwake upungufu ni asilimia 83. Muda wote huo mitambo ya Olkaria na ya mito ya Tana haikuacha kuzalisha umeme. Kampuni kuendelea na kazi ni jambo moja, bei ya hisa yake ni jambo lingine kabisa.

Hesabu ya kurudi juu ndiyo huwachanganya wengi. Hisa iliyoshuka kwa asilimia 50 inahitaji kupanda kwa asilimia 100 ili irudi ilipokuwa. Iliyoshuka kwa asilimia 95 lazima ipande mara 20. Mwaka 2025 bei ya KenGen ilivuka shilingi 5, yaani ongezeko la zaidi ya asilimia 150 kutoka bondeni. Ilikuwa habari njema kwa aliyenunua kwa shilingi 2. Lakini kwa bei hiyo ya 5, mnunuzi wa 2006 bado hakuwa amefikia nusu ya pesa zake.

Kipimo hiki kina upungufu wake. Hakihesabu gawio, na KenGen ililipa senti 65 kwa kila hisa kwa mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024. Pia huangalia nyuma tu: anguko kubwa zaidi lililowahi kutokea si lazima liwe la mwisho. Muda nao una uzito wake, kwa sababu chama kinachogawana pesa kila Desemba hakiwezi kungoja miaka 18 bei ipande.

Kabla ya kununua, wanachama wanaweza kumwomba dalali bei za hisa za miaka kumi au zaidi na kupiga hesabu hii wenyewe kwa simu. Orodha ya madalali wenye leseni hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.