Matumbawe Yasiyolijua Jua
Vitabu vingi vya shule hufunza kwamba matumbawe ni ya bahari vuguvugu yenye mwanga, kama yetu ya Malindi na Watamu. Hiyo ni nusu ya habari. Mnamo 2002, karibu na Røst huko Norwe, uligunduliwa mwamba wa matumbawe wenye urefu upitao kilomita 30, mita 300 na zaidi chini ya maji, gizani na penye baridi. Vijinyama hao hawana vijimea vya kuwalisha kwa jua. Hunyosha minyiri wakadaka chakula kiletwacho na mkondo. Mwamba wa aina hii hujengeka kwa maelfu ya miaka. Wavu mzito ukokotwao na meli huuvunja mara moja. Mwaka 2003 Norwe ilizipiga marufuku nyavu hizo hapo. Kwa taifa la wavuvi, uharaka huo si jambo dogo.