Kidonge cha chini ya ulimi si cha kutuma kwa begi

Mtu wa kwetu Lualaba, Kongo, akiona hapa Marekani kijana aliyekuwa mtumwa wa heroini amerudi kazini, swali huwa lilelile: ile dawa wanayoweka chini ya ulimi, siwezi kumtumia mdogo wangu Kolwezi? Mdogo huyo, mara nyingi, ni mchimbaji. Anashinda mashimoni Kasulo au Kapata, mgongo unamuwaka, na duka la dawa la jirani linamuuzia tramadoli bila karatasi ya munganga. Alianza na kimoja cha maumivu. Vikaja viwili vya kumpa nguvu ya kushuka shimoni, na sasa asipomeza hainuki kitandani.

Dawa inayoulizwa inaitwa buprenorfini. Ilitengenezwa mwaka 1966 na wakemia wa kampuni ya Reckitt & Colman mjini Hull, Uingereza, waliokuwa wakitafuta kituliza-maumivu chenye nguvu za mofini bila minyororo yake. Kwamba ingeweza kutibu uraibu wenyewe ilielezwa mwaka 1978 na Donald Jasinski na wenzake, kutokana na majaribio waliyoyafanya Lexington, Kentucky. Ndiyo, Lexington hii hii ambako leo Wakongo wanaoongea Kiswahili wamejaa. Kulikuwa na hospitali-gereza ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1935 kwa ajili ya waraibu, na waliojaribiwa dawa walikuwa wafungwa. Kuna wakati wafungwa walilipwa kwa dawa za kulevya ili wakubali majaribio. Mimi hilo sijawahi kulimeza vizuri, hata nikijua ni wangapi dawa hii imewaokoa.

Ubongoni, buprenorfini hukaa palepale heroini inapokaa, tena hung'ang'ania zaidi, ila huamsha sehemu ile kwa kiasi tu. Ni kama mpangaji mtulivu aliyeshika chumba: mwenye fujo akibisha, anakuta pamejaa. Mgonjwa hapati arosto, yaani mateso ya kukosa dawa aliyoizoea, hatamani sana, na ukiongeza dozi, kuna mahali ambapo pumzi haizidi kushuka. Kinga hiyo hupungua mtu akichanganya na dawa za usingizi au pombe, na sisi tunaoijua lutuku hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Mbona chini ya ulimi? Ukikimeza, ini linaiharibu sehemu kubwa ya dawa kabla haijafika kwenye damu. Kwa hiyo unalowesha kinywa, unakiweka, unakaa bila kuongea, kutafuna wala kuvuta sigara hadi kiyeyuke, dakika tano mpaka kumi hivi. Kikiisha, sukutua kwa maji na ungoje saa moja kabla ya kupiga mswaki; mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu meno kuoza. Aina nyingine imechanganywa na naloksoni: chini ya ulimi naloksoni haifanyi kitu cha maana, lakini mtu akiisaga ajidunge sindano, inamletea arosto.

Hatari ambayo begi haliwezi kuizuia ni saa ya kuanza. Aliyetumia heroini lazima angoje mpaka arosto ianze kuonekana, kwa kawaida saa 12 au zaidi. Aliye kwenye methadoni, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, hungoja muda mrefu zaidi. Akiwahi, buprenorfini inaifukuza heroini ghafla: jasho, kuhara, kutapika, miayo, mwili kusisimka. Mgonjwa anaapa kwamba mmemtumia sumu, na hatakigusa tena. Ndiyo maana dozi ya kwanza hutolewa na mtu anayejua kuzisoma dalili.

Ufaransa iliiruhusu mwaka 1995, ikawaachia hata madaktari wa kawaida waiandike, na vifo vya kuzidisha heroini vikashuka sana ndani ya miaka michache. Marekani ilifuata mwaka 2002, na Shirika la Afya Duniani likaiweka, pamoja na methadoni, kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Upande wetu wa Afrika njia iliyopita kwanza ni methadoni: Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza Februari 2011, na Kenya ikaanza Desemba 2014. Methadoni ni maji ya kunywa mbele ya muuguzi, kila siku.

Sasa turudi kwa mdogo wa Kasulo. Tramadoli si heroini kamili. Inagusa pia kemikali nyingine za ubongo, inaweza kuleta degedege, na kuikata ghafla huleta wasiwasi mkali. Mara nyingi daktari humpunguzia mgonjwa dozi polepole badala ya kukimbilia buprenorfini. Na kama tatizo lake ni lutuku au bangi, kidonge hiki hakimsaidii kitu.

Buprenorfini iko chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, kwa hiyo paketi isiyo na cheti ikikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa Luano haitahesabiwa kuwa dawa ya ndugu. Nauli ya kumpeleka Lubumbashi kwa daktari wa magonjwa ya akili, na pesa ya kula nyumbani wakati hashuki shimoni, hizo zinaweza kutumwa kwa simu leo hii.