Soko la Hukumu za Kweli

Mnamo Juni 2023, Jaji P. Kevin Castel wa mahakama ya shirikisho jijini New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000. Walikuwa wakimwakilisha abiria aliyedai kuwa kigari cha chakula kilimuumiza goti ndani ya ndege ya Avianca. Hoja zao za maandishi zilitaja hukumu ambazo hazijawahi kutolewa na mahakama yoyote: zilitungwa na ChatGPT. Kilichowaponza zaidi ni kuendelea kuzitetea hata baada ya kuulizwa ziko wapi.

Mwezi huohuo Thomson Reuters, wamiliki wa Westlaw, hazina ya kulipia ya hukumu na sheria, walitangaza kuinunua Casetext, kampuni ya akili mnemba ya utafiti wa kisheria, kwa dola milioni 650 taslimu.

Wakili halipii ufasaha wa programu, kwani huo siku hizi unapatikana hata bure. Analipia uhakika kwamba hukumu anayoitaja ipo na haijatenguliwa na mahakama ya juu. Uhakika huo umo katika ripoti za sheria zilizokusanywa na kuchambuliwa kwa zaidi ya karne, na wenye nazo ni wachache. Ndiyo maana mwaka 2025 kampuni ya Clio ya Kanada ilikubali kutoa dola bilioni 1 kwa ajili ya vLex, yenye hazina ya sheria za nchi zaidi ya 100.

Aliyejaribu kuingia kwa mlango mwingine alikwama. Kampuni ya akili mnemba ya Ross Intelligence ilinyimwa leseni ya Westlaw, ikafundisha programu yake kwa maandishi yaliyotokana na mihtasari ambayo wahariri wa Westlaw huiweka juu ya kila hukumu. Februari 2025 Jaji Stephanos Bibas aliamua kuwa huko ni kukiuka hakimiliki. Ross ilikuwa imeshafunga milango kitambo, na suala likapelekwa rufaa.

Hata hivyo, kumiliki hazina hakujamaliza tatizo. Watafiti wa Stanford walipozipima programu za kulipia za utafiti wa kisheria mwaka 2024, Lexis+ AI ilitoa majibu ya kubuni katika zaidi ya asilimia 17 ya maswali, na ile ya Westlaw karibu mara mbili ya hapo. Kwa huduma inayouzwa kwa sifa ya usahihi, kiwango hicho hakivumiliki, kwani atakayeumia ni mteja aliyemwamini wakili wake.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika soko hili. Tovuti za TanzLII ya Tanzania na Kenya Law ya Kenya huweka hukumu mtandaoni bila malipo, na tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama Tanzania, ingawa hukumu nyingi za nyuma ziko kwa Kiingereza. Malighafi ipo. Kazi iliyobaki ni kuzisoma hukumu hizo moja baada ya nyingine, kuziandikia mihtasari na kuonyesha ipi bado ina nguvu, na hiyo inahitaji mawakili wanaolipwa mishahara kwa miaka kabla programu haijauzwa.