Kwa nini majeruhi wapewe dawa kali ya maumivu kabla ya kufika hospitali

Mtu aliyevunjika mfupa wa paja barabarani hupitia mateso mara tatu kabla ya kuonwa na daktari. Kwanza ni pale mguu unaponyooshwa na kufungwa gango, pili ni pale anapoinuliwa na kulazwa kwenye machela, na tatu ni safari yenyewe, ambapo kila shimo la barabara humfanya apige kelele.

Sehemu nyingi duniani majeruhi huyapitia yote hayo bila dawa, akiambiwa avumilie hadi afike hospitali. Lakini katika nchi zenye huduma kamili za magari ya wagonjwa, kama vile Uingereza na Australia, mhudumu wa dharura ambaye si daktari anaruhusiwa kumpa majeruhi dawa kali ya maumivu pale pale alipoangukia.

Utaratibu huo hautokani na huruma peke yake. Wataalamu wa tiba ya dharura wanauhesabu kuwa sehemu ya matibabu, sawa na kuzuia damu isivuje.

Maumivu huongeza madhara

Mwili wenye maumivu makali humwaga homoni za mshituko. Mapigo ya moyo huenda mbio, na moyo wa mtu aliyekwisha kupoteza damu hulazimika kufanya kazi zaidi ya uwezo wake.

Aliyevunjika mbavu huogopa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa. Makohozi hukaa kifuani, na siku chache baadaye anaweza kupata homa ya mapafu. Aidha, majeruhi anayejirusha kwa uchungu si rahisi kumpima, kumfunga gango wala kumwekea dripu.

Kuna pia madhara ya akili. Mwaka 2010, watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wanajeshi 696 wa nchi hiyo waliojeruhiwa katika vita vya Iraki. Miongoni mwa waliokuja kupata maradhi ya akili yatokanayo na kiwewe, asilimia 61 walikuwa wamepewa mofini mapema baada ya kujeruhiwa. Miongoni mwa wale ambao hawakupata maradhi hayo, waliopewa mofini walikuwa asilimia 76.

Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mofini ndiyo iliyowakinga. Hata hivyo, uliwapa madaktari sababu nyingine ya kutochelewesha dawa.

Mofini na somo la vitani

Mofini, inayotokana na kasumba, ndiyo dawa kongwe katika kazi hii. Hupunguza uchungu kwa kuzuia taarifa za maumivu kwenye uti wa mgongo na ubongo. Ubaya wake ni kwamba ikizidi hupunguza kasi ya kupumua, na inaweza kushusha shinikizo la damu.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wahudumu wa jeshi la Marekani walibeba vibomba vidogo vya sindano, kila kimoja kikiwa na dozi moja ya mofini. Majeruhi aliyekwisha kuchomwa aliandikwa herufi M kwenye paji la uso, ili mwingine asimwongezee bila kujua.

Hatari ilikuwa ya kweli. Mtu aliyepoteza damu nyingi, au aliyepigwa na baridi, damu haifiki vizuri kwenye misuli na ngozi. Sindano ya kwanza hukaa hapo bila kufanya kazi, mhudumu huona haikusaidia, naye humchoma ya pili. Baadaye, damu inapoanza kuzunguka tena, dozi zote mbili huingia mwilini kwa pamoja.

Kutokana na somo hilo, leo mofini ya dharura hutolewa hasa kupitia mshipa wa damu, kidogo kidogo, huku mhudumu akitazama pumzi ya majeruhi na kumuuliza maumivu yake yamefikia kiwango gani kati ya sifuri na kumi. Dawa ya kuiondolea nguvu mofini, iitwayo naloksoni, huwekwa karibu.

Ketamini yaingia

Dawa ya pili ni ketamini, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962 na kuidhinishwa nchini humo mwaka 1970. Ilipata umaarufu katika vita vya Vietnam. Madaktari wa Afrika Mashariki wanaifahamu vyema, kwani katika hospitali nyingi za wilaya ndiyo inayotumika kumpa mgonjwa nusu kaputi.

Kwa dozi ndogo, ketamini huondoa maumivu bila kumlaza mgonjwa. Sifa yake kubwa ni kwamba kwa kawaida haipunguzi pumzi wala kushusha shinikizo la damu kama mofini inavyoweza kufanya. Kwa sababu hiyo, wengi walidhani ingefaa zaidi kwa majeruhi aliyevuja damu.

Nayo ina kasoro zake. Mgonjwa anaweza kuona njozi, kuhisi kwamba ameachana na mwili wake, au kufadhaika. Mhudumu hutakiwa kumweleza mapema kwamba hali hiyo itapita.

Ipi bora?

Ili kumaliza ubishi, watafiti nchini Uingereza waliendesha jaribio lililoitwa PACKMaN kati ya mwaka 2021 na 2023. Majeruhi zaidi ya 400, ambao maumivu yao yalifikia saba au zaidi katika kumi, walipewa ama mofini ama ketamini na wahudumu wa magari ya wagonjwa. Mhudumu na majeruhi hawakujua dawa iliyomo ndani ya kichupa.

Matokeo hayakuonyesha kwamba ketamini inaishinda mofini katika kupunguza maumivu. Dawa zote mbili zilileta nafuu inayokaribiana.

Tafsiri yake kwa wapangaji wa huduma ni nyepesi. Pale ambapo ni moja tu inayopatikana, hakuna haja ya kusubiri nyingine. La msingi ni kwamba yupo mtu aliyefunzwa kuitoa.

Zipo pia njia zisizohitaji sindano. Nchini Australia, wahudumu wamekuwa wakiwapa majeruhi kifaa cha plastiki kiitwacho filimbi ya kijani, ambacho mgonjwa hukivutia mvuke wa dawa ya methoksiflureni yeye mwenyewe. Uingereza iliruhusu dawa hiyo mwaka 2015. Fentanili, dawa nyingine kali, inaweza kupuliziwa puani, njia inayowafaa sana watoto wanaoogopa sindano.

Hofu za zamani

Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba kumpunguzia mgonjwa maumivu, hasa ya tumbo, kungeficha ugonjwa na kumpoteza daktari wa upasuaji. Tafiti za baadaye ziliondoa hofu hiyo. Mgonjwa aliyetulia hupimwa vizuri zaidi kuliko anayelia.

Wengine huogopa uraibu. Lakini dozi moja au mbili chini ya uangalizi ni jambo tofauti na kumeza vidonge vikali nyumbani kwa wiki na miezi. Hatari iliyo kubwa zaidi ni wizi wa dawa, na dawa yake ni kasha lenye kufuli, daftari la kila kichupa na sahihi za watu wawili.

Hali ya Afrika Mashariki

Katika miji ya Afrika Mashariki tatizo huanza mapema zaidi. Majeruhi wengi hufikishwa hospitali na wapita njia, kwa teksi, bajaji, bodaboda au gari la polisi. Hakuna mhudumu wa kuwapa dawa, hata kama dawa ingekuwapo.

Dawa nayo ni adimu. Tume iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba, kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kila mwaka kati ya 2010 na 2013, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu.

Ketamini nusura ikumbwe na masharti kama hayo. Mwaka 2015, China ilipendekeza iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa kwa kuwa hutumiwa pia kama dawa ya kulevya. Shirika la Afya Duniani, ambalo limeiweka katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 1985, lilipinga, likihofia kwamba hospitali za vijijini zingebaki bila dawa ya upasuaji. Pendekezo hilo halikupita.

Kwa hiyo, katika nchi nyingi za ukanda huu dawa inayoweza kutumika tayari imo katika maghala ya hospitali. Kinachosubiriwa ni magari yenye wahudumu waliosomea kazi hiyo, na kanuni zinazowaruhusu kuitoa na kuwawajibisha.

Hadi hapo, mpita njia anaweza kupunguza maumivu bila dawa yoyote. Mguu au mkono uliovunjika ufungwe kwenye kipande cha ubao kabla ya kumwinua majeruhi, ili mifupa isisuguane. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Asipewe vidonge, chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji nusu kaputi muda mfupi baadaye.