Kata Nchani, Si Shinani

Masika yakikaribia, marando ya viazi vitamu huanza kupitishwa mkono kwa mkono Eastlands, Nairobi. Mwenye kishamba chini ya nyaya za stima kule Kayole humkatia jirani furushi, naye jirani humgawia wa Njiru. Ni ukarimu mzuri, ila ndani ya furushi hilo huweza kusafiri ugonjwa usioonekana kwa macho.

Kiazi kitamu hupandwa kwa kipande cha rando. Kipande hicho ni mmea uleule mzazi ukiendelea kukua mahali papya, kwa hiyo virusi vyake navyo huendelea. Afrika Mashariki inasumbuliwa zaidi na virusi vya aina mbili: kimoja huenezwa na vidukari, kingine na nzi weupe. Kile cha vidukari kikiwa peke yake, mara nyingi mmea huonekana mzima kabisa. Vikikutana vyote viwili, majani hudumaa, hujikunja na kupauka, na mkulima anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno.

Ndiyo maana uchaguzi hufanywa shamba likiwa bado limesimama. Wengi huvuna kwanza, kisha huokota marando yaliyobaki kwenye lundo. Hapo mgonjwa na mzima wameshachanganyika. Afadhali kuzunguka shambani mapema, kung'oa mimea iliyodumaa, na kufunga kitambaa kwenye ile iliyochangamka, yenye umri wa miezi miwili au mitatu.

Sehemu ya kukata ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Fukusi hupenda kutaga mayai chini, kwenye shina gumu karibu na udongo. Ukilipasua shina lililovamiwa utakuta vijia vyeusi na funza weupe ndani yake. Nchani ni nadra kuwapata, na ncha huchipua upesi. Kipande cha sentimita 30 kinatosha. Majani ya chini huondolewa, vipande vikafungwa pamoja na kulazwa kivulini siku moja au mbili, upande wa chini ukiwa ndani ya gunia bichi. Vijizizi vyeupe vikianza kuchungulia kwenye vifundo, wakati wa kupanda umefika. Theluthi mbili ya kipande hufukiwa.

Aina nayo ina uzito wake. Kabode na Vita, zenye nyama ya rangi ya machungwa na vitamini A kwa wingi, zilitokana na kazi ya mtafiti wa Uganda Robert Mwanga na wenzake. Mwaka 2016 Mwanga alikuwa mmoja wa washindi wanne wa Tuzo ya Chakula Duniani, pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis.

Hata aina bora huchakaa ikikatwa msimu baada ya msimu katika shamba lenye virusi. Kituo cha Muguga cha KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, kilicho nje kidogo ya Nairobi, husafisha mimea ya viazi vitamu katika maabara ili wazalishaji waanze na mbegu safi. Mkulima wa Umoja au Dandora aliyepata vipande safi hana sababu ya kuvimaliza vyote shambani. Tuta dogo pembeni, fito zilizopindwa, na chandarua chenye matundu madogo kilichofukiwa kingo zake kwenye udongo: vidukari na nzi weupe hubaki nje. Januari na Februari tuta hilo humwagiliwa maji ya kusuuzia mboga, na Machi marando yake ndiyo ya kumgawia jirani.