Nambari za mgodini zaongoza baiskeli Ubelgiji

MSAFIRI wa baiskeli katika mashamba ya Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji, hana haja ya kuuliza njia. Kila makutano ya vijia yana nambari. Huandika chache karatasini, kisha hufuata vibao kutoka moja hadi nyingine, mara nyingi bila kukutana na gari.

Mbinu hiyo ilibuniwa na Hugo Bollen, mhandisi wa migodi mkoani Limburg, ambako njia panda za chini ya ardhi zilitambuliwa kwa nambari. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe ulifungwa mwaka wa 1992. Mkoa ukahitaji riziki nyingine, na mnamo 1995 mtandao wa kwanza ukafunguliwa.

Kandokando ya mifereji, vijia ni vile vilivyokanyagwa zamani na farasi waliovuta mashua. Husikika bata tu, na mnyororo usiotiwa mafuta.