Mali bila Daftari Hupotea bila Habari: Matangi ya Petroli na Maji ya Visima

Kila kituo cha petroli kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile tuionayo sote: pampu, taa, na mhudumu anayepokea fedha. Ya pili imezikwa ardhini, nayo ni matangi makubwa pamoja na mabomba yanayopeleka mafuta kwenye pampu. Tangi likitoboka, apitaye barabarani hawezi kujua. Tone moja linalovuja kila sekunde hufikia zaidi ya lita 1,000 kwa mwaka, na pampu huendelea kuuza kama kawaida.

MAFUTA HUENDA WAPI?

Matangi mengi ya zamani yalikuwa ya chuma kitupu, na chuma kilichozikwa katika udongo wenye unyevu huliwa na kutu. Mafuta yanayovuja hushuka polepole hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, hutanda juu yake. Hata hivyo, baadhi ya kemikali zilizomo huyeyuka na kusafiri pamoja na maji hayo kuelekea visimani. Ya kuogopwa zaidi ni ile iitwayo benzini, ambayo huweza kuleta saratani ya damu.

Sheria ya Marekani hairuhusu maji ya kunywa kuwa na zaidi ya sehemu 5 za benzini katika kila sehemu bilioni moja za maji. Pua ya binadamu haiwezi kutambua kiasi kidogo namna hiyo. Kwa hiyo, kisima kisichonuka si lazima kiwe salama.

WACHUNGUZI HUFANYAJE KAZI?

Uchunguzi mwema huanza kwenye daftari. Kila siku msimamizi wa kituo hutumbukiza fito ya kupimia ndani ya tangi, akaandika kimo cha mafuta. Kisha hulinganisha mafuta yaliyoletwa, yaliyouzwa na yaliyobaki. Upungufu ukijirudia mwezi baada ya mwezi, basi ama kuna mwizi ama kuna tundu, na yote mawili yanataka kuchunguzwa.

Hatua ya pili ni kulipima tangi lenyewe na mabomba yake kama yanashika mafuta bila kuvuja. Hatua ya tatu ni kutoboa ardhi kuzunguka tangi na kuchukua udongo wa vina mbalimbali. Halafu huchimbwa visima vyembamba vya uchunguzi, visivyopungua vitatu, vilivyopangwa kwa umbo la pembetatu. Kwa kulinganisha vimo vya maji katika visima hivyo, mtaalamu hujua maji yanaelekea upande gani, na hivyo ni kisima cha nani kilicho hatarini.

Maji ya kupimwa hutiwa katika chupa ndogo za kioo, zikajazwa pomoni bila kuacha povu la hewa, kwa sababu benzini hutoroka upesi pamoja na hewa. Chupa hizo huwekwa kwenye baridi na kupelekwa maabara. Majibu yakirudi huchorwa kwenye ramani, na hapo ndipo panapoonekana uchafu umefika wapi.

YALIYOTOKEA KATIKA KAMBI YA JESHI

Familia za askari zina sababu ya pekee ya kuzingatia jambo hili. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, iko kambi kubwa ya kikosi cha Marine iitwayo Camp Lejeune. Sehemu ya kambi hiyo iitwayo Hadnot Point ilikuwa na bohari ya mafuta yenye matangi yaliyozikwa tangu miaka ya 1940. Mwaka 1979 palitokea mvujo mmoja uliokadiriwa kuwa galoni 20,000 hadi 30,000, yaani lita 75,000 na zaidi. Jirani na bohari hiyo vilikuwapo visima vilivyowapatia maji askari, wake zao na watoto wao.

Mwezi Julai 1984, maji ya kisima kimoja yalipimwa, yakakutwa na sehemu 380 za benzini katika kila bilioni. Kiasi hicho ni mara 76 ya kile kinachoruhusiwa leo, na bado ni kidogo kwa pua. Kisima hicho kilifungwa mwishoni mwa mwaka huohuo. Visima vingine vilifungwa pia, kwani maji ya kambi yalikuwa na kemikali nyingine za kusafishia mashine na nguo.

Tazama sasa yaliyoipata daftari. Katika ripoti ya mwaka 1992 iliyotayarishwa na kampuni ya ushauri, tarakimu ile ya 380 iliandikwa 38. Katika ripoti ya mwaka 1994, benzini haikutajwa kabisa. Sifuri moja ilidondoka, kisha neno zima likatoweka.

Jerry Ensminger, aliyekuwa askari wa kikosi hicho, alimzika binti yake Janey mwaka 1985. Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka 9, akaugua saratani ya damu. Baba huyo alipata habari za maji ya kambi mwaka 1997 tu, kwa kutazama televisheni. Tangu hapo alidai ukweli bila kuchoka. Mwaka 2012 ilipitishwa sheria ya matibabu kwa waliokaa kambini humo, yenye sehemu iliyopewa jina la Janey, na mwaka 2022 sheria nyingine ikawafungulia mlango wa mahakama.

WAJIBU WETU

Anayesimamia bohari au kituo cha mafuta na aelewe kwamba fito na daftari alivyokabidhiwa ni ulinzi wa maji ya jirani zake. Upungufu asiuelewao autoe taarifa, asiufiche kwa kusawazisha hesabu.

Nanyi akina mama na akina baba nyumbani, maji yakinuka petroli au mafuta ya taa, msiyanywe wala msiyapikie. Msiyachemshe mkidhani yatasafika: moto huua vijidudu, lakini mvuke wa petroli hujaa jikoni na huweza kulipuka. Msichungulie kisima hicho kwa kibiriti wala sigara. Wazuieni watoto, watahadharisheni majirani, kisha mpelekeni habari ofisa wa afya. Andikeni siku mliyoanza kuona dalili, na nakala ya barua ibaki nyumbani. Ikiwa kisima kiko karibu na kituo cha petroli, ombeni maji yapimwe hata kama hayana harufu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Na afya ya mtoto ni mali kuliko petroli.